Jengo, gazeti, sauti za wazee au sherehe: mji mdogo wa Marekani uanze wapi kuhifadhi historia yake?

Chukua mji wa watu mia nane huko Iowa, Kansas au Illinois. Shule ya sekondari imeunganishwa na ya mji jirani, nusu ya maduka ya barabara kuu yamefungwa, na gazeti la kila wiki limeuzwa kwa kampuni ya mbali. Watu sita au saba, wengi wao wastaafu, wanakutana maktaba na kukubaliana kwamba historia ya mji isiachwe ipotee. Wana dola elfu chache na Jumamosi zao. Mabishano huanzia hapo. Mmoja anataka stesheni ya zamani ya treni igeuzwe makumbusho. Wa pili anataka magazeti yawekwe mtandaoni. Wa tatu anasema wazee warekodiwe kabla hawajaondoka, na wa nne anataka kitabu.

Wote wana hoja, ila nguvu hazitoshi kwa yote kwa mpigo. Hesabu iliyofanywa mwaka 2022 ilikuta taasisi za historia 21,588 Marekani nzima, na nyingi ni vyama vidogo vya namna hii, vinavyoendeshwa na watu wasiolipwa. Mapendekezo ya kamati ninayapima yote kwa maswali mawili: ni kipi kitaoza kwanza, na nani atakuwa na ufunguo miaka ishirini ijayo? Kwa kipimo hicho jengo, ambalo kamati nyingi hulikimbilia, mara nyingi ndilo linaloweza kusubiri.

Jengo

Jengo linavutia kwa sababu linaonekana. Lina mlango, lina kibao, na meya anaweza kukata utepe. Tena miji ya Magharibi ya Kati, yaani yale majimbo ya kuanzia Ohio hadi Kansas na Dakota, imejaa majengo mazuri yaliyokosa kazi: stesheni, shule za chumba kimoja, maktaba za Carnegie. Tajiri wa chuma Andrew Carnegie alilipia maktaba 1,689 nchini Marekani, na Indiana ndiyo iliyopata nyingi kuliko jimbo lolote. Maktaba mpya ikijengwa pembeni mwa mji, ile ya zamani hutafutiwa kazi, na jibu linalokuja haraka ni makumbusho.

Kulipata jengo si tatizo. Mengine hutolewa karibu bure. Tatizo ni paa, bima, na kupasha joto vyumba mwezi wa Januari ili mabomba yasigande na kupasuka juu ya masanduku ya picha. Halafu kuna zawadi. Makumbusho yakishafunguliwa, kila familia inaleta cherehani ya bibi, gauni la harusi na taipureta. Kumkatalia jirani ambaye mtakutana kanisani Jumapili si jambo dogo. Miaka kumi baadaye chumba kina cherehani kumi na tano, na hakuna karatasi hata moja inayoeleza kiwanda cha mji kililipa mishahara gani. Chama chenye busara huandika mapema kinapokea nini na kinakataa nini, na kila kinachopokelewa huja na hati ya kukabidhi iliyotiwa saini, ili warithi wasije kesho kudai vyao.

Watetezi wa jengo hupenda kutoa mfano wa Red Cloud, Nebraska, mji wa watu wapatao elfu moja. Mwandishi Willa Cather, aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1923, alikulia hapo. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 1955 Mildred Bennett na wenzake wakaanzisha taasisi ya kumkumbuka. Leo taasisi hiyo inatunza nyumba ya utoto wake, benki ya zamani, jumba la opera na zaidi ya ekari 600 za mbuga ya asili, na mwaka 2017 ilifungua kituo cha kitaifa kwenye barabara kuu. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini nyuma ya majengo hayo wako wasomaji wa Cather waliotapakaa kila mahali, na kati yao wamo wanaofunga safari na kutoa michango. Mji usio na Cather wake ukijipima na Red Cloud utaishia na paa linalovuja.

Upande wa pili weka New Philadelphia, kaunti ya Pike, Illinois, ambako hakuna jengo hata moja la asili lililobaki kwenye mtaa wake. Frank McWorter, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1777, alimnunulia mkewe Lucy uhuru mwaka 1817, akajinunulia wake mwaka 1819, kisha mwaka 1836 akapima viwanja vya mji huo na kuviuza ili kuwakomboa jamaa zake wengine. Weusi na weupe waliishi humo pamoja. Reli ikapita pembeni mwaka 1869, mji ukanyauka, ukabaki shamba. Kilichouokoa ni rekodi za ardhi, wajukuu walioshikilia kumbukumbu za familia, na wanaakiolojia waliochimba misingi ya nyumba kuanzia miaka ya 2000. Mwaka 2009 ukatambuliwa kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa, na Desemba 2022 ukaingizwa katika hifadhi za taifa. Mgeni anayefika sasa anaweza kushika simu na kuona kwenye skrini nyumba zikichomoza pale ambapo macho yanaona nyasi tu. Historia ya mji ilisimama bila ukuta hata mmoja.

Kwa hiyo jengo lije mwanzo pale tu linapotaka kubomolewa mwaka huu. Vinginevyo lisubiri.

Gazeti

Kwa mji mwingi wa eneo hilo, gazeti la kila wiki ndilo shajara yake: nani amezaa, nani ameuza ng'ombe kwa bei gani, nani kamtembelea dada yake Jumapili. Habari hizo ndogondogo ambazo mhariri wa mji mkubwa angezicheka ndizo dhahabu ya mtu anayetafuta ukoo wake.

Hatari ni karatasi yenyewe. Kuanzia takriban miaka ya 1870 magazeti yalichapwa kwenye karatasi ya rojo la mbao, ambayo ina asidi; hugeuka kahawia na kumeguka ukiigusa. Hata hivyo, gazeti lina bahati ambayo wazee hawana: mara nyingi mtu mwingine ameshalihifadhi. Chama cha Historia cha Kansas kilianzishwa mwaka 1875 na wahariri na wachapishaji wenyewe, kikakusanya karibu kila gazeti la jimbo hilo, na sehemu kubwa iko kwenye mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo za kurasa, ambayo ikitunzwa vizuri hudumu karne kadhaa. Wisconsin ilikuwa na chama chake tangu 1846. Basi kabla ya kutoa senti kwa kuskani, uliza makao makuu ya jimbo wana nini. Huenda kazi imekwisha na ninyi hamjui. Angalieni pia hazina ya magazeti ya kale ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo mtu yeyote anaifungua bila malipo.

Ikiwa bado, kuskani kutoka mikrofilamu ni nafuu kuliko kuskani karatasi. Kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni hakimiliki: kilichochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita ni mali ya umma, ila cha baadaye kinaweza kuwa na mwenyewe, na kampuni iliyonunua gazeti huenda imenunua na haki zake. La pili ni mkataba na kampuni ya kuskani. Kazi ikifanywa "bure", soma nani atamiliki picha hizo na kama wakazi watatozwa kuziona. Dai nakala kamili ya mafaili, ikae maktaba na kwenye diski mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti.

Tena gazeti husema uongo wa aina yake, maana lilikuwa pia mpiga debe wa mji. Nicodemus, Kansas, ulianzishwa mwaka 1877 na Waamerika Weusi waliotoka Kentucky baada ya utumwa, na miaka ya 1880 ulikuwa na magazeti mawili, Western Cyclone na Nicodemus Enterprise. Yalisifia mji na kuita reli kwa nguvu zote. Mwaka 1887 wapiga kura wakaidhinisha dhamana za dola 16,000 kuivuta reli ije, na mwaka uliofuata reli ikapita ng'ambo ya mto bila kusimama kwao. Biashara zikaifuata, baadhi ya nyumba zikabebwa juu ya magari ya kukokotwa hadi Bogue, kando ya reli hiyo. Anayesoma magazeti peke yake atadhani treni ingefika kesho asubuhi.

Jambo moja zaidi kuhusu mtandao, kwa sababu halirudishiki. Mwaka 1995 huko Noblesville, Indiana, sanduku lilikutwa ghalani likiwa na kumbukumbu za wanachama wa Ku Klux Klan, kundi la weupe wabaguzi, wa miaka ya 1920, wakati kundi hilo lilipokuwa na nguvu kubwa katika jimbo zima. Likakabidhiwa chama cha historia cha kaunti, nacho kikajikuta na orodha ya majina ya mababu wa majirani zao. Kitu kama hicho mnaweza kukaa nacho mezani mkajadiliana nani akione na kwa masharti gani. Kikishawekwa mtandaoni, mjadala umekwisha.

Sauti za wazee

Mtu wa miaka 88 hana mikrofilamu. Hii ndiyo sababu ningeanza na yeye.

Mwaka 1878 Willianna Hickman alifika Nicodemus na mumewe, mchungaji Daniel Hickman, baada ya safari ndefu. Alipouliza mji uko wapi, mumewe alimwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini. Watu waliishi katika mashimo waliyochimba, kwani mbuga ile haikuwa na miti ya kujengea. Mama yule akalia. Wapiga debe wa mji wasingeandika hivyo kamwe. Tunakijua kisa hiki kwa kuwa yeye mwenyewe alikisimulia uzeeni na mtu akakiandika.

Buxton, kusini mwa Iowa, unaonyesha jambo hilo kwa upana zaidi. Ulikuwa mji wa wachimba makaa ya mawe uliojengwa na kampuni mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka kadhaa wakazi Weusi walikuwa ndio wengi. Weusi na weupe walilipwa sawa, walisoma pamoja, na timu ya besiboli, Buxton Wonders, ilijulikana mbali. Makaa yalipopungua watu wakahama, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ukawa umekufa. Ni mashamba sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Iowa State University waliwatafuta watu waliokuwa watoto wa Buxton, ambao walikuwa wazee tayari, wakawarekodi. Wangechelewa miaka kumi na tano wangekuta wachache sana.

Kwa gharama, hakuna njia rahisi kama hii. Kinasa sauti kizuri ni bei ya matairi mawili ya gari, na hata simu inatosha ukiweka maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Rekodi kwa faili la WAV, biti 24 na kilohezi 48, usirekodi kwa MP3. Zima friji ya jikoni, maana mngurumo wake utausikia kwenye rekodi milele. Usimwambie mzee "tusimulie maisha yako", atakupa maneno kumi ya adabu. Muulize nani aliishi nyumba ya kona, mkate uliuzwa bei gani, mwaka wa ukame walikula nini, na mwalimu gani alichapa zaidi. Leta picha ya darasa lake uiweke mezani. Ukiweza, wakalishe wawili pamoja waanze kubishana. Ukweli mwingi hutokea hapo.

Udhaifu wa sauti uko kwenye kabati. Vyama vingi vina makasha ya kaseti za miaka ya 1970 ambazo hakuna aliyezisikiliza tangu zirekodiwe, na mashine za kuzichezea zinaadimika. Saa mbili za mazungumzo bila faharasa ni sawa na hazipo. University of Kentucky wametengeneza mfumo wa bure uitwao OHMS unaounganisha maandishi na dakika za rekodi, ili msikilizaji aruke moja kwa moja hadi mahali anapopataka. Kurekodi ni sehemu ndogo ya kazi. Kuorodhesha ndiko kunakokula muda, kwa hiyo usirekodi wazee thelathini kama una mtu mmoja wa kuorodhesha. Chukua wanane. Na kila mmoja atie saini karatasi inayosema nani atasikiliza na kuanzia lini. Mzee anayeogopa kumuudhi jirani atafunguka akijua rekodi itafungwa miaka ishirini.

Suala la lugha lina uzito wake eneo hili. Mei 1918, wakati wa vita na Ujerumani, gavana wa Iowa, William Harding, alitoa tangazo la kukataza lugha nyingine isipokuwa Kiingereza hadharani, mashuleni, ibadani, hata kwenye simu. Kijerumani kikafifia upesi, na leo kuna makanisa yenye madaftari ya vikao ambayo waumini wenyewe hawawezi kuyasoma. Iowa hiyohiyo sasa ina familia za Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili, na baadhi yao wanafanya kazi katika viwanda vya nyama vya miji midogo. Chama cha historia kinachokusanya barua za Wasweden wa mwaka 1880 na kuwapita watu hawa mlangoni kinarudia kosa la 1918 bila tangazo. Warekodiwe kwa Kiswahili chao. Tafsiri inaweza kufuata.

Kitabu

Hapa nitakuwa mfupi. Kitabu ni kizuri kama hitimisho na kibaya kama mwanzo. Historia nene za kaunti zilizochapwa mwishoni mwa karne ya 19 ziliuzwa kwa kuandikisha wanunuzi mapema, na aliyelipa ndiye aliyepata wasifu na picha yake. Kibarua, mjane na mfinyanzi hawamo. Kamati ya leo inaweza kurudia jambo hilo bila kukusudia, kwa sababu wanaoleta picha ni zilezile familia zilizokaa. Faida ya kitabu ni kwamba hakihitaji umeme wala nywila, na uchapaji wa nakala chache kwa mahitaji umeshusha bei. Mkichapa, pelekeni nakala maktaba ya jimbo na nyingine Allen County Public Library kule Fort Wayne, Indiana, yenye moja ya mikusanyo mikubwa ya nasaba nchini humo.

Kundi la Facebook la "wana wa mji wetu" nalo litajwe. Kwa kutambua sura zilizo kwenye picha halina mpinzani: weka picha saa mbili usiku, asubuhi una majina yote na ugomvi mmoja. Yahamishe majina hayo kwenye rejista yenu siku hiyohiyo, kwa sababu kundi si lenu, na picha zinazopandishwa humo hubanwa zikapoteza ubora.

Sherehe, na kumkabidhi mwingine

Nicodemus leo ina wakazi wachache mno. Lakini kila mwisho wa Julai watu kwa mamia hurudi kutoka Denver, Kansas City, California na kwingineko, kwa sherehe iliyotokana na sikukuu ya ukombozi ya wazee wao. Wanakula, wanasali, wanaandamana, na watoto waliozaliwa mbali wanaonyeshwa makaburi. Hakuna makumbusho yanayoweza kumfanya kijana wa Denver ajione mwenyeji wa mji wenye barabara chache za vumbi, sherehe inaweza. Mwaka 1996 mji ukawa Eneo la Kihistoria la Taifa, ukiwa na majengo matano: ukumbi wa mji, makanisa mawili, hoteli na shule. Hadhi hiyo ilikuja kwa sababu kulikuwa na watu wa kuidai, na watu hao walishikamanishwa na kurudi kwao kila mwaka.

Sherehe peke yake haihifadhi karatasi, na husahau mambo ya aibu. Ila ndiyo siku pekee ambapo wazee wote wako mahali pamoja.

Kukabidhi mkusanyo kwa chuo kikuu, kwa jimbo au kwa serikali kuu kunatatua swali la ufunguo. Joto la chumba litadhibitiwa na wataalamu watakuwepo. Bei yake ni umbali, maana mjukuu atasafiri saa tatu kuona daftari la babu yake. Na fedha za Washington si ukuta wa kuegemea: Machi 2025 amri ya rais iliagiza taasisi inayosaidia makumbusho na maktaba, IMLS, ipunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa, na Aprili NEH, mfuko wa serikali kuu unaosaidia kazi za historia na utamaduni, ukafuta ruzuku nyingi zilizokwisha kuahidiwa. Minnesota iko afadhali. Mwaka 2008 wapiga kura walikubali kodi ndogo ya mauzo kwa miaka 25, na sehemu yake huenda kwa sanaa na urithi, ikiwemo ruzuku kwa vyama vidogo. Kamati ya Minnesota inaweza kupanga mambo ambayo jirani yake wa Dakota Kusini asingethubutu.

Kama ningekuwa kwenye kamati hiyo

Mji wenye wazee wengi na vijana hakuna: sauti kwanza, wanane kwa mwaka, na makubaliano ya maandishi na maktaba ya jimbo kwamba itapokea mafaili chama kikifa. Mji ambao gazeti lake limefungwa majuzi na majalada bado yako ofisini: acha yote, nenda kayachukue wiki hii, kwa sababu mnunuzi wa jengo atayaona kuwa takataka. Mji ambao karibu wote wamehama lakini bado wanapendana: sherehe, na pembeni ya chakula meza mbili, moja ya kuskani picha papo hapo na kumrudishia mwenyewe, nyingine ya kinasa sauti katika chumba kilicho mbali na muziki. Hiyo ndiyo ningeichagua kwa miji mingi, kwa kuwa siku mbili za namna hiyo hukusanya yale ambayo makumbusho hungoja miaka yaletwe.

Na wenye stesheni ya zamani wasikate tamaa. Wafunike paa kwa turubai imara, wazibe madirisha, walipe bima, kisha wafunge mlango na kwenda kuwasikiliza wazee. Stesheni itakuwepo mwakani.